Bipu Tatu

Mama yangu hapigi simu. Mama anabipu. Tangu nilipomnunulia simu yake ya kwanza, ile ya vibonyezo vikubwa, hajawahi kuzungumza na mtu kwa salio lake mwenyewe, na ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba yeye hajarukwa na akili. Anapiga, anasubiri iite mara moja, anakata. Ukitaka kujua anasema nini, hesabu. Bipu moja asubuhi maana yake nimeamka salama. Mbili, nipigie, nina neno. Tatu, acha ulichoshika uje mbio.

Bipu tatu niliwahi kuzipata mara moja tu, mwaka jana, alipoteleza bafuni akalala kwenye maji mpaka nilipofika. Anaishi peke yake nyuma ya kiwanda cha matofali, ua umezungushwa mabati, na majirani zake wote mchana wanahangaika kutafuta riziki. Baada ya siku ile tuliifunga simu yake kamba, akawa anaivaa shingoni hata akienda kuoga. Mimi na mdogo wangu tukakubaliana: atakayeona bipu tatu haulizi, habishani, anakwenda. Mama naye akaweka sharti lake. Anaanza na mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nisipopatikana ndipo ambipu mdogo.

Nayasema haya mapema ili msije kunikatiza katikati kuniuliza kwa nini nilikuwa roho juu.

Mimi ni muuza laini za simu. Pale kona wananiita Mama Vocha, jina nililolipata enzi za vocha za kukwangua, kucha yangu ya kidole gumba ilipokuwa nyeusi mwaka mzima. Nina meza, kiti cha plastiki, kimashine cha kuchukulia alama ya kidole, na mwavuli wa manjano wenye jina la kampuni. Mtu anakuja na kitambulisho, anaweka kidole, anapata laini. Kazi yenyewe si ngumu, kazi ni kumfanya mtu asimame.

Kisha hali ikawa mbaya. Kiwanda cha matofali kikapunguza watu nusu, duka la vitambaa likafungwa, saluni ikafungwa, fundi viatu akawa anashinda akiangalia miguu ya watu na watu wanapita. Wateja waliokuwa wakinunua kifurushi cha wiki wakawa wananunua cha saa moja. Wengine wakaacha kabisa, wakawa wanabipu. Nawaambia, mji mzima uligeuka Mama yangu! Unabipiwa na mtu, nawe unambipu kumjulisha kwamba huna salio, naye anakubipu kukujulisha kwamba ameelewa.

Na kampuni za simu, kwa vile wanunuzi wapya hakuna, zikaanza kunyang'anyana wa zamani. Leo huyu kashusha bei, kesho yule katoa dakika za bure, keshokutwa wote wawili wanagawa laini barabarani kama karanga za kuonjesha. Hapo ndipo upande wa pili wa barabara, mbele ya saluni iliyofungwa, ulipoota mwavuli wa kijani. Na chini ya mwavuli wa kijani, amevaa kizibao cha kijani, meno yote nje, alikuwa ameketi mdogo wangu.

Mdogo wangu wa tumbo moja! Niliyemkalisha kwenye kiti changu hiki hiki cha plastiki alipokosa kazi. Niliyemfundisha kumfuta mteja kidole kwa kitambaa ili mashine isikatae. Pale kona wanamwita Kipusa, na mdomo wake ni mtamu kiasi kwamba anaweza kumuuzia mwenye kipara kitana. Hakuniambia kitu. Niliona tu asubuhi, nikatazama mara ya pili, nikadhani macho yangu yana ukungu.

Nilivuka nikampa vidonge vyake mbele ya watu. Yeye akasema, "Dada, wao wamenipa mshahara. Wewe ulikuwa unanipa nauli." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Tangu siku ile tukawa hatuamkiani. Tunatazamana tu, barabara katikati, kama wake wenza.

Msimamizi wangu ni kijana mmoja wa viatu vilivyochongoka mbele ambaye nimempa jina la Bwana Malengo, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kulitaja hilo neno. Jumatatu alikuja na uso wa msibani.

"Mama Vocha, ofisi inapunguza. Kona zote zinazopigwa na kijani zinafungwa. Ijumaa jioni tunafunga hesabu. Malengo yako ni kumpita yule pale, hata kwa laini moja."

"Na nisipompita?"

"Basi mwavuli tunauhamisha."

"Na mimi?"

Akaangalia viatu vyake. Sikuhitaji mkalimani. Unga wangu ulikuwa unamwagika, na aliyeshika mfuko ni mdogo wangu.

Jumanne nikaanza vizuri. Niliita mpaka sauti ikakauka, foleni ikafika kwenye nguzo ya taa. Mara akatokea jamaa mmoja anakimbia, jasho linamtoka, anapiga kelele: "Askari wa jiji! Askari wa jiji wanakuja, wanabeba meza!" Mimi nilishabebewa meza mara nyingi, sikungoja maelezo. Nilifunga mwavuli, nikakumbatia mashine, nikajificha uchochoroni nimebana pumzi. Nikangoja. Hakuna askari, hakuna gari, hakuna hata mluzi. Nilipochungulia, foleni yangu yote ilikuwa imehamia chini ya mwavuli wa kijani, na yule jamaa amesimama kando anakunywa soda. Kipusa alinitazama, akacheka hadi akashika meza. Damu ilinichemka mpaka nikasikia masikio yanapiga ngoma.

Jioni ile ile nikasikia jingine. Mke wa fundi viatu, ambaye umbea usipompitia kinywani anaugua, akaniambia, "Hata mama yako kachukua laini ya kijani. Kipusa alimfuata nyumbani na mashine."

Nilimpigia Mama hapo hapo, kwa salio langu.

"Mama, ni kweli umempa kidole?"

"Nimempa. Alikuwa amebakiza kidogo afikishe. Laini yenyewe iko kwenye kabati, wala sijaiweka kwenye simu."

"Umemuuza mwanao wa kwanza kwa laini ya bure!"

"Ninyi nyote ni wangu. Kidole nilichokupa wewe zamani mbona hukulia?"

"Basi mbipu huyo huyo mwenye kijani akutunze!" nikasema, nikamkatia. Nilimkatia Mama simu. Hasira ni kitu kibaya, lakini wakati ule niliiona ina haki yote.

Asubuhi ya Jumatano bipu yake iliingia kama kawaida, moja. Nimeamka salama. Sikuirudisha kwa bipu, kama tulivyozoea. Nikasema na yeye aone.

Baadaye asubuhi ile Bwana Malengo akafika na mpango mpya, macho yanameremeta. Kampuni imebuni huduma. Mtu akijiunga, kila anayempigia atasikia kwanza tangazo la kampuni, sauti tamu ya mwanaume na muziki mzuri, na tangazo likiisha ndipo simu iite. Aliyejiunga anapewa dakika za bure. "Wauzaji wote waanze wenyewe," akasema, akachukua simu yangu mezani, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mimi nilikuwa nimemshika bibi mmoja kidole, mashine inakataa, kidole chake kimelika kwa kufua nguo za watu.

"Mimi nani ananipigia?" nikamwambia bila kugeuka. "Wote wananibipu."

"Ndiyo maana ikabuniwa," akacheka. "Hii ndiyo dawa ya wabipuji."

Mashine ikakubali kidole. Bibi akapiga makofi, nikapiga makofi, nikapokea simu yangu nikairudisha mezani. Neno la Bwana Malengo likapita juu ya kichwa changu kama ndege.

Alhamisi Mama hakubipu. Nikasema, aha, amenuna. Mama akinuna hununa hasa. Siku nzima simu ilikuwa kimya, hata wale wateja wangu wasumbufu waliozoea kunibipu kuulizia vifurushi walikuwa kimya, nikaona afadhali, nimepata nafasi ya kufanya kazi. Moyoni kitu kilinichoma, siwezi kusema uongo. Mara mbili nilishika simu nimpigie. Mara mbili nikaiweka chini. Kama yeye amenuna, na mimi nimenuna, tuone nani atachoka.

Ijumaa vilevile, kimya.

Ijumaa ile sitaisahau. Bwana Malengo alihamia pale kona tangu mchana, amesimama nyuma ya kiti changu, ananipumulia kisogoni. Upande wa pili naye msimamizi wa kijani kasimama nyuma ya Kipusa. Watu wakajua kuna mpambano, wakaja hata wasiohitaji laini. Fundi viatu aliacha kazi akageuza kiti kutazama. Mimi nilikuwa sili, sinywi, sikohoi. Mteja anakaa, kitambulisho, futa kidole, bonyeza, haya mwingine. Kila nikiinua macho namwona mdogo wangu ameinamisha kichwa, anafanya vilevile nilivyomfundisha.

"Mko sawa," Bwana Malengo akaninong'oneza jua lilipoanza kulegea. "Mama Vocha, mko sawa kabisa. Usinyanyuke hapo hata kwa choo."

Nikainua macho tena. Kiti cha Kipusa kilikuwa kitupu.

Alikuwa anavuka barabara. Anavuka bila kutazama magari, gari moja likafunga breki, dereva akatukana. Akaja moja kwa moja mpaka mezani kwangu na kizibao chake cha kijani, akasimama kati yangu na foleni yangu.

"Dada. Mama kabipu. Tatu."

Mimi nikaangua kicheko, kile kisicho na furaha ndani yake.

"Jumanne askari wa jiji, leo Mama. Kesho utamfufua baba tumzike tena?"

"Dada, sikutanii. Nimempigia, hapatikani."

"Mama anaanza na mimi. Tangu lini kaanza na wewe? Simu yangu hii hapa, imelala tangu jana. Bipu yangu iko wapi?"

"Sijui. Labda umemfungia."

"Mimi nimfungie Mama? Mimi?" Nilisimama, kiti kikaanguka. "Toka mbele ya wateja wangu!"

Bwana Malengo akaniwekea mkono begani. "Kaa, Mama Vocha. Hizi ni mbinu zao. Wanataka utoke kwenye meza. Kaa, fikiria malengo."

Kipusa hakurudi nyuma. "Yule wa askari nilimtuma mimi," akasema. "Nilimpa soda. Nitukane, nipige, nimekubali. Lakini hii siyo, Dada. Nakuapia kwa kaburi la baba, hii siyo." Akanisukumia simu yake.

Niliiangalia. Namba ilikuwa ya Mama, naijua kama jina langu, mara tatu, moja juu ya nyingine. Na bado, mtanisamehe au msinisamehe, bado sikuamini. Nilifikiri: Mama amenuna, na huyu mdomo wake ni mtamu, wamekula njama. Mama amekubali kumsaidia mtoto wake kipenzi kama alivyompa kidole. Nikikimbia nitamkuta amekaa kwenye mkeka ananitazama kwa macho ya kuniadabisha, nami nitakuwa nimepoteza kona. Mzee ambaye zamu yake ilikuwa imefika alikuwa tayari ameweka kidole juu ya kioo cha mashine, anasubiri.

"Kama simu yangu ni mbovu, tutajua sasa hivi," nikasema. Nikaiweka simu yangu katikati ya meza, kila mtu aione. Nikachukua ya Kipusa, nikabonyeza namba yangu mwenyewe, nikaweka sikioni.

Haikuita.

"Habari yako, mpendwa mteja!" akasema mwanaume, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Karibu sana! Tumefurahi kukusikia!" Ukaja muziki. Kisha akaanza kueleza mambo ya vifurushi, polepole, hana haraka na mtu.

Nilitazama mezani. Simu yangu ilikuwa imelala pale kama kipande cha sabuni. Hakuna mwanga, hakuna mlio, hakuna mtikisiko. Nikakata. Kimya. Hata alama ya kuonyesha kwamba kuna mtu alipiga haikuwepo.

Mama anasubiri iite mara moja, anakata. Haiiti. Mungu wangu, haiiti!

"Likiisha tangazo itaita tu," Bwana Malengo akasema. "Mtu avumilie kidogo."

Nilimgeukia. Sikumbuki yote niliyomwambia, na yale ninayoyakumbuka hayaandikiki. Nilivua kizibao cha manjano, kikanasa kichwani, nikakirudisha kwa sababu sikuwa na muda wa kuhangaika nacho. Kipusa alikuwa tayari ameshika mwenye pikipiki.

"Ukiondoka sasa usirudi!" Bwana Malengo akapaza sauti.

"Mwanangu, na kidole changu je?" akauliza yule mzee.

"Kaa nacho, baba!" nikamjibu, nikapanda.

Tulipanda wawili nyuma ya pikipiki moja, manjano na kijani, nimemkumbatia mdogo wangu kiuno. Dereva, masikini, akatania: "Kumbe kampuni zimeungana?" Hakujibiwa, akaona afadhali aongeze mwendo. Kipusa alikuwa anapiga simu kwa mkono mmoja, na kila mara mwanamke wa mtandao alimwambia hapatikani. Mimi nilikuwa naomba. Nilimwambia Mungu, chukua kona, chukua mwavuli, nimkute amenuna. Nimkute amekaa kwenye mkeka amenuna, nitapiga magoti.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Tuliita. Tulipiga mabati mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Kipusa aliinama, nikapanda mgongoni kwake, nikarukia ndani, bati likanichana mkono nisisikie maumivu.

Alikuwa amelala kati ya pipa la maji na mlango wa jiko. Ndoo imebiringika ukutani. Mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umebabuka, jua lilimwendea tangu lilipochomoza likamwacha lilipotaka. Simu ilikuwa mkononi, imezimika.

"Mama!"

Kimya.

"Mama, ni mimi! Mama!"

Akafungua jicho moja. Midomo ilikuwa imepasuka. "Maji," akasema. Nilimfungulia Kipusa geti, nikamnywesha Mama maji kwa kiganja, matone matone, huku nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Tuling'oa mlango wa jiko kwenye bawaba, tukambeba juu yake na watu waliokuja kwa kelele zetu. Mtu mmoja akatupatia gari.

Hospitali walimkimbiza ndani. Tukabaki kwenye benchi. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: mwavuli umeshachukuliwa, mashine imerudishwa, asante kwa utumishi wako. Nikamwonyesha Kipusa. Naye akanionyesha wake. Wa kwao ulikuwa na salamu nzuri zaidi. Hatukucheka, lakini alilaza kichwa begani kwangu, nami sikukitoa.

Daktari alitoka, dada mmoja mpole mwenye macho ya kuchoka. Nyonga imevunjika. Ataishi, akasema, hilo tushukuru. Ila kwa nini tumechelewa? Ameanguka asubuhi, amelala chini kutwa nzima na damu inavuja kwa ndani, mguu umekosa damu muda mrefu. Angeletwa mapema wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Sasa hawezi kutuahidi kwamba atautumia tena.

Asubuhi! Mimi niligeuka nikamtazama Kipusa. "Wewe ulibipiwa saa ngapi?"

"Nilikuja pale pale, Dada. Sikukaa hata kidogo. Nakuapia."

"Sasa mbona hakukubipu asubuhi?"

Hakujua. Hilo ndilo lililonisumbua mpaka waliporuhusu tuingie. Mama tunamjua. Nisipopatikana mimi, anambipu mdogo. Kwa nini alale chini juani kutwa nzima ameshika simu?

Alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko nilivyozoea kumwona. Kipusa alishika mkono wa upande ule, mimi wa upande huu. Akatutazama, mmoja manjano, mmoja kijani.

"Mnaongea?" akauliza.

"Tunaongea, Mama."

"Vizuri." Akapumzika kidogo. Kisha akanigeukia mimi, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sikukitegemea kabisa, haya kidogo, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi. "Mwanangu, ungeniambia tu. Mimi nisingekukataza. Tangu baba wa watoto wako atoweke nimekuwa nakuombea."

"Kukwambia nini, Mama?"

"Kwamba umepata mtu." Akanibana vidole. "Jana asubuhi nimekubipu, akapokea yeye. Nilishtuka, nikakata kwa heshima, sikutaka aseme mkwe ana vurugu. Nikasema, ndiyo maana mwanangu siku hizi ana hasira, kumbe ana mambo yake. Mtu mwenyewe ana adabu sana. Kila nikipiga ananikaribisha."

Kipusa aliinamisha uso kwenye shuka.

"Leo nilipoanguka," Mama akaendelea, "nilikubipu, akapokea yeye. Nikamwambia, baba, shikamoo sikupi maana wewe ndiye mtoto, ila nimeanguka, niitie mwanangu. Akasema karibu. Nikapiga tena nikamweleza vizuri, nipo kwenye pipa la maji, mguu hauendi. Akasema amefurahi kunisikia. Basi nikajua ujumbe umefika. Sikutaka kumsumbua na mdogo wako, ana kazi mpya, asije akafukuzwa. Nikawa nakungoja wewe. Nikaona jua linazidi, nikapiga tena, nikamsihi. Mpaka salio na chaji vikabaki kidogo, ndipo nikambipu huyu." Akapumua. "Usimkaripie. Labda alisahau. Wanaume husahau. Yuko wapi, mbona hukuja naye?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu. Muulizeni Bwana Malengo, muulizeni yeyote pale kona. Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema yupo nje, anaona haya kuingia. Lakini angesema mwite.

"Mama," nikasema, "yule si mtu. Ni tangazo. Ni sauti waliyoirekodi, kampuni imeiweka kwenye simu yangu. Haisikii. Anayepiga anaambiwa yale yale, awe nani."

Alinitazama. Kisha akamtazama Kipusa, kama anayeuliza kama nimesema kweli, na Kipusa akaitikia kwa kichwa.

"Haisikii," Mama akasema.

"Haisikii, Mama."

"Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa nazungumza peke yangu."

Akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, bila hasira, akaiweka shuka sawa kifuani, pale simu ilipokuwa ikining'inia.